Kipimo Kisicho na Mzizi

"Nimeacha vile vidonge," Njoki alisema kwenye simu. "Leo ni siku ya tisa."

Veronicah Muthanje, dada yake, alikuwa mtaa wa Majengo mjini Meru, mbele ya bucha ya Mzee Shabani, mkono mmoja umeshika simu na mwingine ndoo ya barafu. Ndani ya ndoo mlikuwa na vichwa vitatu vya mbuzi waliochinjwa alfajiri ile. Aliiweka ndoo chini polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

"Nani alikuambia uache?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Wewe, Vero. Ulisimama hapa jikoni kwangu ukasema ule mzizi wa Mbeere umeshinda kwenye mashine yenu. Ukaniachia lita mbili. Nilipomaliza nikaagiza nyingine huko huko kwa yule cucu, bibi anayeipika. Sasa ninywe vitu viwili vya nini?"

"Nilisema umeonyesha dalili. Sikusema uache vidonge."

"Hukusema nisiache pia."

Hilo lilikuwa kweli, na Veronicah hakuwa mtu wa kupingana na kweli. Siku ile alikuwa amelewa furaha. Akasema nusu ya maneno, nusu nyingine akaimeza pamoja na chai.

"Unalala?" aliuliza.

"Wiki ya kwanza nililala kama mtoto. Siku hizi mbili tatu, kidogo tu. Na natapika nikishainywa. Watu wanasema inasafisha."

"Watu gani? Njoki, rudia vidonge leo hii."

"Sirudii. Vile vidonge vinanifanya nijione kama nimefunikwa blanketi nzito saa sita mchana. Na nyinyi wenyewe ndio mlipima. Kama mmepima tena mkaona haifanyi kazi, njoo unionyeshe. Usije kuniambia tu. Nimechoka kuambiwa."

Simu ikakatika.

Mzee Shabani alikuwa anafuta kisu chake akimtazama. "Mwalimu wa ubongo," alisema, "vipi? Mbuzi wamefeli mtihani?"

"Mbuzi hawana shida, Mzee. Aliyefeli ni mimi."

Akainua ndoo akaondoka. Lakini kabla hajafika barabarani alikuwa ameshapiga simu mbili. Ya kwanza kwa Ireri, mume wa Njoki, akamwambia bila kuzunguka: usimwache peke yake, hata kwa saa moja, mpaka nije. Ya pili kwa Sista Carol, muuguzi wa kliniki ya Runyenjes anayemhudumia Njoki. Carol alisema mlango uko wazi siku yoyote, ila mgonjwa mwenye akili zake hafungwi kamba. Lazima aje kwa miguu yake.

Miaka miwili nyuma, baada ya kujifungua mtoto wa pili, Njoki alinyamaza. Hakuugua homa wala hakulia. Alinyamaza tu, akaacha kupika, akaacha kuoga, na asubuhi moja Ireri akamkuta ameketi ukingoni mwa bwawa la kiwanda cha kahawa, viatu vimepangwa vizuri kando yake. Ni vidonge vilivyomrudisha, vidonge na subira ya watu wengi. Veronicah aliyajua haya kuliko mtu yeyote, na bado ni yeye aliyebeba ile chupa mpaka jikoni kwake.

Kazi ya Veronicah ilikuwa katika maabara ya utafiti ya chuo kimoja pale mjini Meru. Alikuwa na diploma ya maabara, miaka kumi na minane ya kazi, na binti mmoja, Linda, ndiyo maana wenzake wakamwita Mama Linda. Kila wiki alitoa ubongo katika vichwa vya mbuzi, akatenga kipande kidogo kilichojikunja ndani kabisa, akakisaga kwenye barafu, akakizungusha kwenye mashine mpaka akabaki na uji mweupe. Katika uji huo mlikuwa na vipokezi vya serotonini, ile kemikali ya ubongo inayohusika na usingizi, hamu ya kula na furaha.

Wanafunzi wapya walipomwuliza wanapima nini, aliwaonyesha shati lake. "Kipokezi ni tundu hili," alisema. "Ligandi ni kifungo. Tunatumia kifungo kilichotiwa mnururisho ili mashine ikihesabu. Kifungo kikiingia, mashine inalia sana. Ukiweka dawa na mashine ikanyamaza, ujue kuna kitu kimezuia kifungo."

Basi ule mzizi mwekundu kutoka nyanda kavu za Mbeere, ambao kwenye madaftari yao uliitwa M-7, ulikuwa umezuia kifungo. Bila dawa mashine ilihesabu mipigo elfu mbili na mia nne kwa dakika. Ukiweka M-7, mia tisa. Daktari Kirimi, mkuu wa mradi, alikuwa amecheza dansi kwenye korido siku ile, na si mtu wa kucheza. Alhamisi ya wiki hii angesimama Embu mbele ya maafisa wa afya na wakulima mia mbili kuwaeleza. Leo ilikuwa Jumatatu.

Veronicah alimkuta ofisini akirekebisha picha za hotuba yake.

"Daktari, dada yangu ameacha dawa za hospitali kwa ajili ya matokeo yetu."

"Ah, pole sana. Mwambie arudie."

"Amekataa. Anataka ushahidi."

"Ushahidi tulio nao unasema mzizi unafanya kazi, Mama Linda." Aliinua macho. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye furaha, na mwenye furaha hasikii vizuri. "Kwenye neli za maabara, naam. Kwa binadamu bado. Nimeandika hivyo kwenye picha ya mwisho."

"Picha ya mwisho watu huwa wameshainuka kwenda kula. Na anatapika."

"Dawa nyingi hutapisha. Alhamisi ninaongea mbele ya watu mia mbili. Usiniletee sasa habari za kutapika."

Veronicah akatoka. Hakubamiza mlango. Alienda kwenye kabati la madaftari, akavuta la mwezi Machi na la mwezi Juni, akayafungua kando kwa kando.

Dumu la kwanza la M-7 lilikuja Machi, lita tatu. Matokeo: mipigo elfu mbili mia tatu tisini. Yaani hakikuzuiwa chochote. Pembeni, kwa mwandiko wa Adrian, mwanafunzi mwenye miwani wa shahada ya uzamili, palikuwa na maneno mawili: *mizizi michanga?* Madumu makubwa ya Juni ndiyo yaliyoleta mia tisa. Hakuna mtu aliyerudi kuijibu ile alama ya kuuliza. Furaha ilipokuja, waliisahau.

Alimtumia Njoki ujumbe: *Hiyo dawa ina ladha gani?*

Jibu lilikuja baada ya nusu saa: *Chungu. Chachu. Na kama nimelamba msumari.*

Veronicah aliusoma mara mbili. Kisha akavaa koti jeupe.

Kuna jambo ambalo kila anayefanya kazi na vipokezi hulijua na kila mmoja hulisahau: tundu la shati halikai peke yake. Ndani ya maji kuna ayoni za metali, chembe ndogo zenye chaji, nazo hulichezea tundu. Magnesi hulinyoosha, kifungo kikaingia vizuri. Ndiyo maana waliitia kwa makusudi katika kila neli. Sodiamu hulilegeza. Zinki hukunja kitambaa, tundu likajifinya, na kifungo kikabaki nje hata kama hakuna dawa yoyote.

Alipanga neli zake. Katika baadhi aliweka M-7 peke yake, katika nyingine M-7 na chembe ya EDTA, ule unga mweupe unaokamata metali na kuzifunga. Katika nyingine tena aliweka EDTA bila M-7, ili asije akajidanganya.

Adrian aliingia saa nane, akamkuta mbele ya mashine.

"Mathe, si leo ulikuwa uoshe vyombo tu?"

"Vyombo vitaoshwa. Soma hapo."

Adrian akasoma. M-7 peke yake, mia tisa na kumi. M-7 na EDTA, elfu mbili mia tatu hamsini. Akakuna kidevu. "Umechanganya neli."

"Nimerudia mara tatu. Mistari mitatu, unaiona?"

"EDTA inakamata magnesi pia. Umeharibu mchanganyiko."

"Nimeweka kidogo. Metali kama zinki ikiwa pamoja na magnesi, EDTA huishika hiyo kwanza, kama mtoto na nyama kwenye sahani ya githeri. Magnesi imebaki tele. Tazama neli ambazo hazina dawa: EDTA imo, na hesabu haikuyumba."

Adrian akazisoma namba upya. Alikuwa kijana mwerevu, na Veronicah aliweza kuona akili yake ikipanda mlima.

"EDTA inashika metali," alisema polepole. "Haishiki mizizi. Kwa hiyo kama umeweka EDTA na nguvu ya dawa ikaisha..."

"Malizia."

"...basi kinachozuia si mzizi. Ni metali."

"Vizuri. Nilitaka nisikie mwenye digrii akilisema."

"Metali gani, sasa? Imetoka wapi? Kwenye udongo?"

"Hilo ndilo silijui. Kesho naenda kuuliza."

"Kumwuliza nani?"

"Aliyepika."

Cucu Gladys aliishi upande wa chini wa Mbeere, mahali ambapo kahawa imekata tamaa na mbuzi wameshika hatamu. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka sabini na zaidi, mwenye sauti ya kuamrisha, na alipomwona Veronicah akishuka kwenye bodaboda na chupa nne tupu mkobani, hakuinuka.

"Watu wa Meru," alisema. "Mmemaliza tena?"

"Hapana, Cucu. Nimekuja kukuona ukipika."

"Kupika kwangu kuna nini cha kuonwa? Nimepika tangu mama yako hajaolewa."

Lakini alifurahi, na Veronicah aliona hivyo. Aliongozwa nyuma ya nyumba. Mizizi myekundu ilikuwa imekatwakatwa juu ya gunia. Kando yake palikuwa na rundo la ukwaju, kwa maana mzizi ulichemshwa na ukwaju ili uchungu wake ulegee. Na juu ya mafiga, likimeta kama sarafu mpya, palikuwa na karai, lile karai pana la bati ambalo mafundi huchanganyia saruji. Halikuwa jipya sana. Kwa nje liling'aa. Kwa ndani, mpaka pale maji yanapofika, lilikuwa limefifia na kuwa la kijivu, kama jino lililoliwa.

Veronicah aliinama akapitisha kidole kwenye ule mstari.

"Cucu, zamani ulipikia nini?"

"Nyungu. Ile pale." Chini ya kibanda palikuwa na chungu cha udongo, cheusi kwa moshi, kikubwa kama kichwa cha ng'ombe.

"Na dumu letu la kwanza?"

"La nyungu. Halafu yule kijana wenu mwenye miwani akaja akasema anataka lita ishirini, na nyingine ishirini. Nyungu inabeba ngapi? Nikamtuma mjukuu, akaninunulia karai."

"Ladha haikubadilika?"

Gladys akamtazama kama mtu anayetazama kuku aliyeuliza swali. "Ilibadilika, kwani sina ulimi? Ikawa ya chuma."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Mlikuja kuuliza ladha? Mlikuja na madumu."

Veronicah akaliacha karai akamgeukia. Akasema, "Kuna mtu anatapika, Cucu. Dada yangu."

Uso wa yule mwanamke ukabadilika. "Nyungu haijawahi kumtapisha mtu," alisema. "Na huyo dada yako, nani alimpa chupa akaenda nayo? Kuna mtu aliniagiza lita nne kutoka Runyenjes, nikadhani ni nyinyi. Mimi simpi mtu chupa. Mtu asiyelala baada ya msiba huletwa hapa, anakaa siku tatu, nne. Anakunywa asubuhi na jioni, lakini pia anateka maji na mimi, anapura mtama, anakula ninachokula, na tunaongea mpaka ajichoke mwenyewe. Hiyo ndiyo dawa. Nyinyi mkabeba maji mkaacha mengine."

"Ulituambia hayo?"

"Nilimwambia yule wa miwani. Akaandika jina la mzizi tu."

Veronicah akavua sweta. "Nataka unipikie vitu vinne, Cucu. Mzizi na ukwaju kwenye nyungu. Mzizi na ukwaju kwenye karai. Halafu ukwaju mtupu kwenye nyungu, na ukwaju mtupu kwenye karai. Bila mzizi."

"Bila mzizi!" Gladys alicheka mpaka akashika magoti. "Umetoka Meru nikupikie maji ya ukwaju? Kumbe shule imewaharibu hivi?"

"Imetuharibu. Nipe kuni nikusaidie."

Walipika mpaka jua likaegemea. Veronicah aliosha kila chombo mwenyewe kati ya kupika na kupika, akaandika chupa zake kwa kalamu isiyofutika: nyungu na mzizi, karai na mzizi, nyungu tupu, karai tupu. Alipokuwa anaondoka, Gladys alilitazama karai kwa muda mrefu, kisha akalitoa mafigani na kulipindua kifudifudi.

"Watu wangapi wamekunywa ya hili?" aliuliza.

"Sijui, Cucu. Wewe unawajua?"

"Wa hapa kijijini ninawajua. Nitapita kwao kesho asubuhi." Akapangusa mikono. "Wa kwenu, mtapita wenyewe."

Jumatano asubuhi Veronicah aliziweka chupa nne mezani kwa Daktari Kirimi, juu ya karatasi za hotuba, akaeleza kwa dakika tano. Alieleza namba, EDTA, karai na ukwaju unaokula bati. Kirimi alisikiliza akiwa amekunja mikono. Shingo yake ikawa inabadilika rangi.

"Unaniambia," alisema, "kwamba miaka mitatu ya kazi ni kutu ya karai."

"Si kutu. Zinki. Bati hupakwa zinki lisishike kutu."

"Asante kwa somo." Akasimama. "Veronicah, nakuheshimu. Lakini una diploma. Hujawahi kuandika makala hata moja. Unafanya kipimo chako kimoja Jumatatu mchana, halafu unataka niende Embu nijivue nguo mbele ya watu?"

Adrian, aliyekuwa amesimama mlangoni, alitazama sakafu.

"Diploma hiyo ndiyo inayosaga ubongo wako kila wiki, Daktari," Veronicah alisema. Hakuinua sauti. "Ndiyo iliyotoa kila namba uliyoiandika kwenye hiyo hotuba. Mia tisa yako ni ya mikono hii. Kama mikono hii inatosha kwa namba tamu, inatosha na kwa namba chungu. Ama sivyo, chukua pipeti ufanye mwenyewe. Uji wa ubongo nimekuandalia, uko kwenye barafu. Chupa hizo hapo. Mimi sitagusa kitu."

Nje mtu alikuwa anafyeka nyasi.

Kirimi alitazama saa yake, akatazama chupa. Kisha, na hapa ndipo Veronicah alipomheshimu tena, akavua koti la suti, akalitundika, akachukua jeupe.

Hakuwa ameshika pipeti kwa miaka sita. Matone ya kwanza yalizidi kipimo, akayamwaga, akaanza upya. Aliweka kila kitu mara tatu. Aliongeza kitu ambacho Veronicah hakukifikiria: neli zenye chumvi ya zinki safi kutoka kabatini, bila mzizi wala ukwaju wala karai. Walisubiri. Wakachuja, wakaosha karatasi kwa maji baridi, wakaziingiza kwenye mashine. Hakuna aliyekwenda kula.

Namba zilitoka moja moja.

Nyungu na mzizi: elfu mbili mia tatu sabini. Nyungu na ukwaju mtupu: elfu mbili mia nne kumi. Karai na mzizi: mia tisa na sita.

Kirimi alisubiri ya nne akiwa ameshika ukingo wa meza.

Karai na ukwaju mtupu, bila chembe ya mzizi: mia tisa thelathini na nane.

Halafu zinki peke yake ikaja, nayo ikakifungia kifungo nje vile vile.

"Maji ya ukwaju," Adrian alisema kwa sauti ndogo. "Tumewaambia watu dawa ni maji ya ukwaju."

"Tulilinganisha na maji safi yaliyotoneshwa hapa maabara," Kirimi alisema, akiongea na mashine. "Hatukuwahi kulinganisha na sufuria tupu. Mtoto wa kidato cha pili angelinganisha na sufuria tupu." Akaketi kwenye kiti cha Veronicah. Alionekana mtu wa umri wake, hamsini na saba. "Nitapiga simu Embu. Nitawaambia ninaumwa, hotuba imeahirishwa."

"Hapana."

"Hapana nini?"

"Usiahirishe. Habari imeshafika kabla yako, Daktari. Mzizi umeshatajwa redioni, umetajwa makanisani. Wako watu wameshaweka vidonge kabatini. Ukinyamaza watadhani mzizi unafanya kazi ila Daktari ana mafua. Nenda usimame hapo, uwaambie tulikosea wapi. Uwaambie wasipikie kitu chachu kwenye bati. Uwaambie warudi kliniki."

"Watanicheka."

"Watacheka, wataenda kula, na wataishi."

Kirimi alijifuta uso kwa mikono yote miwili. Kisha akamwambia Adrian, bila kuinua kichwa, "Lete kompyuta. Tunafuta picha kumi na nne. Ile ya karai unayo?"

"Mama Linda alipiga."

"Iweke ya kwanza."

Alhamisi, saa ambayo Kirimi alikuwa anapanda jukwaani Embu, Veronicah alikuwa Runyenjes, jikoni kwa Njoki. Soko lilikuwa limechangamka huko nje, bodaboda zikipita na magunia ya parachichi. Njoki alikuwa amekaa kwenye kigoda na kanga begani. Macho yake yalikuwa yameingia ndani. Ireri alikuwa ameegemea mlango. Alipomwona shemeji yake alitoka kimya kimya, akapumua kwa sauti uani.

Veronicah hakuanza na salamu ndefu. Alitandaza karatasi ya namba mezani na picha ya lile karai, kwa ndani, palipoliwa. Akaeleza shati, tundu na kifungo. Akaeleza nyungu na karai. Akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho.

"Hii haina mzizi ndani. Maji, ukwaju na bati. Na imefanya kazi ile ile. Ulisema nikuonyeshe."

Njoki aliivuta karatasi karibu. "Kwa hiyo nimekuwa nikinywa karai."

"Ndiyo. Na kutapika ni hilo karai."

"Basi mbona nililala wiki ile ya kwanza? Mbona nilijisikia mwepesi?"

Swali hilo Veronicah alikuwa analingoja tangu Jumatatu, na aliliogopa kuliko namba zote. "Kwa sababu vidonge vilikuwa bado vimo mwilini. Haviondoki siku moja. Ulikuwa unakula akiba. Sasa akiba inaisha, ndiyo maana huli na hulali."

Njoki akasukuma karatasi. "Ulinipa tumaini, Vero. Halafu unakuja na kipande cha karatasi kunipokonya."

"Ndiyo."

"Ndiyo tu?"

"Unataka niseme nini? Nilifurahi, nikafungua mdomo kabla kazi haijaisha. Nilikosa. Si yule cucu, si Daktari. Mimi ndiye niliyeleta hapa. Unaweza kunikasirikia mwaka mzima, nitakuja tu. Lakini nikasirikie ukiwa hai."

Neno hilo la mwisho lilikaa kati yao. Hawakuwa wamewahi kulitamka tangu siku ya bwawa. Njoki alianza kulia, si kwa kelele, machozi tu yakishuka, na Veronicah, ambaye hakuwa hodari wa kukumbatia, alisimama akaanza kuosha vikombe vilivyokuwa kwenye karai la plastiki. Alivisugua vikombe vinne kwa nguvu zote.

"Ile blanketi," Njoki alisema nyuma yake. "Siitaki tena, Vero. Sitanii. Sioni watoto wangu vizuri nikiwa chini yake."

Veronicah aligeuka, mikono ikidondoka povu. "Ulimwambia Carol hivyo?"

"Sikumwambia. Angesema ninalalamika."

"Basi hilo ndilo la kumwambia. Kuna vidonge vya aina nyingi, kuna vipimo vya juu na vya chini. Mimi si daktari, sijui kipi. Lakini mtu anayepima hawezi kujua tundu limebana wapi kama wewe hukumwambia."

Njoki alijifuta uso kwa ncha ya kanga. Kisha akainuka, akavaa viatu.

Waliteremka kliniki kwa miguu, wakipita kati ya wauza ndizi. Hawakuongea. Mlangoni palikuwa na benchi na wanawake wawili wenye watoto. Veronicah alishika kitasa, lakini Njoki akamwondoa mkono.

"Kaa hapo. Naingia mwenyewe."

Veronicah akakaa. Simu yake ilitetema: Adrian. *Amesema yote. Wamelicheka karai. Halafu mama mmoja akasimama akauliza arudie vidonge vipi. Sasa kuna foleni kwa wauguzi hapa mbele.* Aliusoma, akairudisha simu mkobani, akaendelea kuutazama mlango. Wale wanawake wawili waliingia na kutoka chumba cha chanjo, wengine wakaja wakakaa mahali pao. Ndani alisikia sauti ya dada yake, siyo maneno, sauti tu, ikipanda na kushuka kwa muda mrefu. Kwa miezi hakuwa ameisikia ikiongea hivyo mfululizo.

Njoki alipotoka alikuwa na pakiti ndogo mkononi na karatasi iliyoandikwa kwa mkono wa Carol.

"Ni za aina nyingine," alisema. "Ninaanza na nusu. Amesema wiki mbili tatu zitakuwa ngumu, Ireri asisafiri mbali, na wewe umpigie yeye simu ukiona nimezidiwa." Aliiweka pakiti ndani ya pochi akafunga zipu. "Jumatatu narudi aniangalie. Si lazima uje."

"Sikuuliza kama ni lazima," Veronicah alisema, akainuka.